Ajira Mkononi, Muswada Kabatini

Sikosi kukutana na watu wanaoniambia kwamba wataandika kitabu wakistaafu. Ni walimu, wahasibu, wauguzi, maofisa wa mikopo, madereva wa malori ya masafa marefu. Hadithi wanazo, na wengine wameshaanza. Kurasa thelathini au arobaini zimelala kabatini chini ya vyeti vya watoto. Wanaamini kwamba mwandishi wa kweli ni yule anayeketi mezani asubuhi mpaka jioni, na kwamba wao, kwa kuwa alfajiri wanagombea daladala, bado hawajafikia daraja hilo. Imani hiyo imetunyima vitabu vingi, nami naipinga kwa moyo wangu wote.

Tuanze na Shaaban Robert, maana jina lake hutajwa kana kwamba alizaliwa na kalamu na hakuwa na shughuli nyingine duniani. Aliingia ukarani wa forodha mwaka 1926, kijana wa miaka 17, akabaki katika utumishi wa serikali ya kikoloni kwa zaidi ya miaka 30, akihamishwa idara hii na ile mpaka akaishia ofisi ya upimaji ardhi. Kusadikika ilipotoka mwaka 1951, na Adili na Nduguze mwaka uliofuata, mtunzi wake alikuwa bado karani, mwenye mkubwa wa kumwamuru na saa ya kuripoti kazini. Mshairi Mathias Mnyampala alikuwa mtumishi wa serikali na mahakama. Muhammed Said Abdulla, aliyetuletea mpelelezi Bwana Msa, alipitia idara ya afya na magazeti, na Mzimu wa Watu wa Kale ilipochapishwa kuwa kitabu mwaka 1960 alikuwa akilihudumia Mkulima, gazeti la wakulima. Haji Gora Haji wa Tumbatu alijua uvuvi na ubaharia kabla ya kujulikana kwa mashairi. Na Abdulrazak Gurnah, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, alifundisha Chuo Kikuu cha Kent mpaka alipostaafu mwaka 2017, huku riwaya zake zikitoka moja baada ya nyingine tangu 1987.

Nawataja hawa ili mwenye ajira aache kujiona nusu mwandishi. Fasihi yetu sehemu kubwa imeandikwa na watu waliokuwa wakienda kazini. Mwandishi anayeishi kwa vitabu peke yake, katika Kiswahili, ni nadra hata leo. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni namna gani hamu ya kuandika inadumu ndani ya mtu anayerudi nyumbani jioni mabega yakiwa mazito.

Wengi watakujibu kwamba tatizo ni muda. Muda ni mchache kweli, sibishi. Lakini kwa miaka ambayo nimesoma miswada ya watu wenye ajira, nimeona jambo jingine linaloua kazi haraka zaidi, nalo ni mwandishi kukaa mbali na andiko lake. Naweza kuonyesha kwa kidole mahali mtu alipoiacha hadithi mwezi mzima kisha akairudia. Mjomba aliyekuwa kapera katika sura ya tatu ana mjukuu katika sura ya nne. Mtaa umebadilika jina. Msimuliaji aliyekuwa akisema taratibu, kwa sentensi ndefu za mtu aliyeketi barazani, ghafla anaongea kama mtu anayekimbilia basi. Mwandishi hakukosa kipaji. Aliirudia nyumba yake kama mgeni, asijue tena taa inawashiwa wapi.

Hapo ndipo hamu inapokufa. Unafungua daftari baada ya wiki nne, unasoma ulichoandika, hukitambui. Nusu saa yote uliyoiiba inaishia katika kujikumbusha majina. Unalifunga ukiwa umechoka zaidi ya ulivyokuja, na moyoni unasema: sina hamu tena, labda sikuumbiwa kazi hii. Wiki ya tano hufungui kabisa. Mtu huyu akiambiwa ajitie moyo, asome maneno ya hamasa, abandike ukutani picha ya mtunzi anayempenda, hatapona. Dawa yake ni kupunguza siku kati ya kuandika na kuandika. Dakika ishirini kila siku zina faida kubwa kuliko Jumamosi nzima mara moja kwa mwezi, kwa sababu mtu wa dakika ishirini hana la kujikumbusha. Wahusika wake walilala naye jana wakaamka naye leo.

Na siku ambayo hata dakika ishirini hazipatikani, liguse andiko. Soma ukurasa wa mwisho kabla ya kulala. Badilisha neno moja. Andika jina la mhusika mpya pembeni. Mtu asiyeandika anaweza kuliona jambo hili dogo mno, lakini nimeona watu wamevuka miezi migumu kwa kulishika hilo tu.

Kuna ufundi mmoja ambao ningependa kila mwandishi mwenye ajira aujue, na nitaueleza kwa kirefu. Usifunge daftari pale ulipoishiwa. Funga pale ambapo bado unajua kinachofuata, kisha uache maagizo kwa ajili yako mwenyewe wa kesho. Tuseme unaandika juu ya mama anayemfuata mwanawe aliyehamia Mbagala bila kuaga. Umemfikisha mlangoni, anabisha hodi. Una la kuendelea nalo, lakini saa imefika. Andika chini, kwa herufi kubwa kama ukitaka: "Hodi ya tatu. Anayefungua si mwanawe, ni mwanamke mwenye mtoto mchanga. Mama anamtazama mtoto kwanza, masikio. Hakuna anayesalimia." Basi, funga ukalale. Kesho ukipata robo saa tu, hutakaa ukitafakari uanzie wapi. Masikio ya mtoto yanakungoja, na mkono utaanza kabla ya kichwa kulalamika kwamba kimechoka. Wengi hufanya kinyume: huandika mpaka wakaukiwa, wakafunga kwa kuridhika, kisha kesho yake wanakutana na ukurasa mweupe wakiwa na uchovu wa kazi. Ukurasa mweupe na uchovu, kwa pamoja, ni vigumu kushindwa na mtu yeyote.

Sasa tuje kwenye muda wenyewe. Kosa ninaloliona mara kwa mara ni mtu kujipangia ratiba ya mwandishi mwingine. Anthony Trollope, Mwingereza aliyekuwa mtumishi wa Posta katika karne ya 19, aliketi mezani saa kumi na moja na nusu alfajiri, akaandika kwa takriban saa tatu kabla ya kwenda kazini, saa yake ikiwa mbele yake, akijidai maneno 250 kwa kila robo saa. Aliacha riwaya 47. Watu husimuliana habari zake kwa mshangao, wakamwiga wiki moja, wakashindwa, wakajilaumu. Lakini Trollope mwenyewe ameeleza kwamba alimlipa mtumishi wake mmoja pauni 5 za ziada kwa mwaka ili amwamshe. Kumbe hata yeye hakutegemea nguvu za moyo. Alitengeneza utaratibu uliomtoa kitandani atake asitake. Huo ndio wa kuiga, kila mtu kwa njia yake. Franz Kafka, aliyekuwa ofisa katika taasisi ya bima ya ajali za wafanyakazi huko Prague, aliandika usiku nyumba ikiwa imetulia.

Kazi yako ina majira yake, nawe uyajue kama mvuvi anavyojua bamvua. Mhasibu wa serikali Tanzania anajua kwamba mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30 Juni. Asijiahidi kumaliza riwaya mwezi huo. Juni ni ya kuligusa andiko tu, Julai arudi kwa nguvu. Mwalimu ana wiki za kusahihisha mitihani na ana likizo. Likizo asiipangie mambo makubwa sana, kwa kuwa nayo ina harusi, misiba na safari za kijijini, lakini sura mbili zitatoka. Muuguzi wa zamu ahesabu wiki yake kwa zamu, si kwa majina ya siku. Namfahamu mmoja ambaye haandiki kabisa anapotoka zamu ya usiku. Huandika siku ya mapumziko inayoifuata, asubuhi, kabla nyumba haijajua kwamba yupo. Alijaribu kuandika "kila Jumatatu" kama alivyoshauriwa na akakata tamaa, kwani Jumatatu yake haifanani wiki hadi wiki.

Simu imetusaidia mno sisi wa mijini. Mtu anayekaa foleni kutoka Gongo la Mboto au Kimara ana muda mrefu wa kukaa bila kuulizwa chochote. Wako wanaojiandikia ujumbe wa WhatsApp, wanajitumia wenyewe, kisha usiku wanaunganisha. Wako wanaojirekodi sauti wakitembea kuelekea kituoni. Mpita njia hudhani wanaongea na mtu, hakuna anayeshangaa. Mimi nashauri njia hii itumike kwa rasimu ya kwanza na kwa mazungumzo ya wahusika, maana mazungumzo yanayosemwa kwa mdomo hutoka hai. Kazi ya kupanga sura na kukata maneno ya ziada inataka meza. Na nasihi moja isiyo na mjadala: simu inaibwa, inaanguka majini, inaharibika. Kila wiki jitumie muswada kwenye barua pepe yako, ama uuhifadhi mahali pengine nje ya simu. Nimewafariji watu waliopoteza sura saba kituo cha basi, na hakuna neno la faraja linalotosha.

Kuhusu nyumbani, pana ugumu ambao vitabu vya ushauri kutoka ng'ambo haviufahamu. Kwetu mlango ukifungwa mchana, watu huuliza kama kuna mgonjwa au kuna ugomvi. Mgeni haji kwa miadi. Mtoto wa shangazi amekuja kusoma, anakaa sebuleni, ndipo ilipo meza. Basi mwandishi asijifiche, aseme. Mwambie mwenzako kinagaubaga: saa hii mpaka saa hii ninaandika, na hili lina maana kubwa kwangu. Watajie watoto hadithi inahusu nini, kwa kuwa mtoto anayejua kwamba baba anamtafutia mvuvi mmoja njia ya kurudi pwani atakuwa wa kwanza kuwanyamazisha wenzake. Na ukishaiomba saa hiyo, ilipe. Ukichukua alfajiri ya Jumamosi, uwepo kwa moyo wote mchana wa Jumamosi. Familia haichukii uandishi. Inachukia mtu aliyepo mezani huku mawazo yake hayapo.

Kwa wanawake mzigo ni mkubwa zaidi, na ni dhuluma kuzungumza kana kwamba sote tuna jioni zinazofanana. Anayetoka kazini akakutana na jiko, sare za kufua na daftari za watoto za kukagua hana "muda wa baada ya kazi". Ana kazi ya pili. Toni Morrison wa Marekani alikuwa mhariri katika shirika la uchapishaji na akilea watoto wawili wa kiume peke yake wakati riwaya yake ya kwanza, The Bluest Eye, ilipotoka mwaka 1970. Alizoea kuandika kabla ya mapambazuko. Namheshimu, lakini sitaki mfano wake utumike kuwaambia wanawake walale saa nne tu kwa usiku. Mume anayesema anaunga mkono uandishi wa mkewe aoshe vyombo na akague daftari mara tatu kwa wiki. Uungaji mkono mwingine wote ni maneno.

Tugeukie ofisini. Wengi huiona kazi kuwa adui wa kalamu, nami siafiki. Mshahara ndio unaokupa ubavu wa kumkataa mchapishaji anayekutaka ulipie kila kitu kisha asisambaze. Mirabaha katika soko letu huja kwa kuchelewa na mara nyingi haitoshi kodi ya nyumba ya miezi mitatu. Mtu mwenye njaa husaini mkataba asioupenda. Mwenye ajira anaweza kusema, "Nitasubiri," na akaandika kitabu anachokiamini badala ya kile kinachodhaniwa kuuzwa haraka.

Zaidi ya hapo, kazi ni ghala la fasihi. Adam Shafi katika Kuli aliandika maisha ya wapakuzi wa bandari ya Zanzibar na mgomo wao wa mwaka 1948, na mpaka leo wasomaji wanaisifu kwa kuwa jasho lake ni la kweli. Lakini tuna riwaya ngapi za Kiswahili zinazojua kweli jinsi wodi ya wazazi inavyoendeshwa usiku wenye uhaba wa wakunga? Nani ameandika maisha ya ofisa wa mikopo anayekwenda kukamata kochi la mjane, akakalishwa kwenye kochi hilohilo na kupewa chai? Mizani ya barabarani, kaunta ya benki mwisho wa mwezi, chumba cha walimu baada ya matokeo kutoka: yote hayo yanasubiri mtu aliyemo ndani. Ukianza kuitazama ofisi yako kwa jicho hilo, safari ya asubuhi inabadilika. Unakwenda kazini na unakwenda kukusanya.

Kusanya kwa uaminifu, hata hivyo. Siri za mgonjwa, mteja au mwanafunzi si mali yako. Chukua namna mambo yanavyokwenda, misemo, harufu, hila za madaraka. Majina na kisa halisi cha mtu viache. Usiandike kwa saa za mwajiri, na muswada wako usiukalishe kwenye kompyuta ya ofisi. Siku ya uhamisho unaweza kuondoka bila kupewa nafasi ya kunakili chochote, na anayeirithi mashine hana deni kwako.

Jambo linalosahaulika zaidi ni msomaji wa kwanza. Mwaka 2002 zilichapishwa barua za Shaaban Robert alizomwandikia mdogo wake, Yusuf Ulenge, kati ya mwaka 1931 na 1958. Fikiri urefu wa muda huo: karani anayehamishwa vituo, vita kuu ya dunia inakuja na kupita, na ndugu mmoja anaendelea kupokea barua. Naamini kila mwandishi anayedumu ana Yusuf wake, mtu ambaye anasubiri kusoma. Si lazima awe mhakiki. Afadhali awe mmoja tu, mwenye subira, atakayekuuliza, "Yule mama alifunguliwa mlango?" Swali hilo litakurudisha mezani kuliko semina yoyote. Mkabidhi kurasa chache kila baada ya wiki mbili, na mkubaliane tangu mwanzo kwamba atakuambia wapi alichoka na wapi alitamani kuendelea, basi. Kundi la watu ishirini wanaosifiana halifanyi kazi hiyo.

Tarehe za nje nazo husaidia. Tuzo ya Kitaifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu na tuzo ya Kiswahili ya fasihi ya Afrika iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell zimewatoa kabatini watu wengi ambao wangeendelea kungoja. Iweke tarehe ya mwisho kwenye kalenda kama unavyoweka ada ya shule. Ushinde au usishinde, utakuwa na muswada uliokamilika, jambo ambalo watu wengi wenye vipaji hawajawahi kuwa nalo.

Zipo nyakati ambazo haiwezekani. Mzazi anaugua, mtoto anazaliwa, unapandishwa cheo na kupewa mkoa mpya wenye matatizo yake. Naguib Mahfouz wa Misri, aliyetumikia serikali ya nchi yake hadi alipostaafu mwaka 1971, alimaliza riwaya zake tatu kuu za Cairo mnamo 1952 kisha akakaa miaka kadhaa bila kuandika riwaya. Alirudi, na mwaka 1988 akapewa Nobel. Kwa hiyo ukilazimika kusimama, simama waziwazi. Andika tarehe ya kusimama na tarehe ya kulitazama tena andiko, acha maagizo ya kurasa mbili kuhusu wahusika wote na ulikokuwa unaelekea, kisha uende ukamuuguze mama yako bila hatia moyoni. Anayeumia ni yule ambaye hajasimama wala haandiki, anayebeba muswada kila mahali kama deni.

Na muswada ukimalizika, usiurudishe kabatini. Wapo walioandika kwa miaka wakishindana na zamu, foleni na usingizi, kisha wakaogopa kuupeleka. Uchapishe kwenye karatasi, umpe msomaji wako, usahihishe, upeleke kwa mchapishaji ukiwa na barua fupi inayoeleza wewe ni nani na kitabu kinahusu nini. Majibu huchukua muda. Miezi sita ya ukimya si kukataliwa, uliza kwa heshima, na ukipata jibu la hapana mpelekee mwingine. Kufikirika na Utubora Mkulima zilichapishwa mwaka 1967 na 1968, Shaaban Robert akiwa amefariki tangu 1962. Wewe uko hai, unaweza kupiga simu kuulizia kazi yako. Wakati unangoja, anza nyingine, wiki hiyohiyo uliyotuma ya kwanza, kwa dakika zilezile ishirini ambazo nyumba yako imeshazizoea.